Mkono Uliokataa Kuachia Gogo

Nimestaafu na vidole vyangu vyote kumi. Wengine wakiaga kazi husifiwa kwa uaminifu na kwa kuwahi asubuhi. Mimi, mtu aliyemaliza ujana wake katika uwanja wa kuni wa Garissa, naona vidole ndiyo sifa pekee ya kutajwa. Nyinyi vijana niliowaacha kwenye mashine mliniomba niwaandikie niliyoyaona, labda mkidhani nina siri ya kupasua mgunga bila jasho. Siri hiyo sina. Ninayo habari ya mtu mmoja na mkono wake, na kabla ya kuifikia itabidi mvumilie maneno ya mzee.

Mimi, Komora, ni Mpokomo, mtu wa mto, mzaliwa wa upande wa chini karibu na Masalani. Nilipanda Garissa kabla ya vita vya Mtaliani, baada ya mafuriko kula shamba letu. Kazi niliyoipata ilikuwa ya kukata kuni za tanuri la mikate ya askari, za jiko la jela na za kuchemshia maji hospitalini. Injini hatukuwa nayo. Tulikuwa na mashoka, kabari, na msumeno mrefu wa kuvutwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Buya, mtu wa kwetu, mfupi na mkali. Siku ya kwanza hakunipa shoka. Aliniambia, "Nionyeshe mikono." Nilidhani anatafuta sugu za jembe, nikamnyoshea viganja kwa majivuno. Yeye akavishika vidole kimoja kimoja na kuvikunja, kama mnunuzi anavyofungua mdomo wa mbuzi kutazama meno. Akasema, "Umekuja na kumi. Jioni nataka kumi." Kila asubuhi na kila jioni ilikuwa hivyo hivyo, mstari mzima wa wanaume wazima wamenyosha mikono kama watoto wa chuo. Yeye mwenyewe alibaki na vinane na kipande, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumcheka.

Kwake nilijifunza kunoa kwa tupa, jino moja kulia na jingine kushoto, na kusimama upande wa juu wa gogo, si chini ya mteremko wake. Nilijifunza pia kwamba msumeno ukibanwa hauvutwi, bali hupigiwa kabari na mtu akasubiri. "Mti umeshakufa," alikuwa akisema, "haraka yote ni yako wewe." Alifariki wakati wa vita, kwa homa, si kwa chuma, na nadhani jambo hilo lilimshangaza hata yeye.

Vita vilipokwisha vilituachia vyuma. Barabara ya Wajir ilijaa mizoga ya malori, na hata miti ya ukingoni ilikuwa na risasi tumboni. Mti huponya kidonda chake, gome likafunga, na mkataji hajui kuna nini ndani mpaka chuma kikutane na chuma. Hadi nilipostaafu, gogo lenye kovu la mviringo nililiweka kando lipasuliwe kwa shoka. Nyinyi mlizoea kunicheka kwa hilo, na mkitaka endeleeni, lakini liwekeni kando.

Wakati huo zabuni ya kuni ilikuwa imeshikwa na Haji Mursal, mfanyabiashara wa mifugo na nafaka, mtu wa maneno matamu na subira fupi. Aliona askari wanaongezeka, mikate inaongezeka, na sisi tunavuta msumeno kama wazee wanaovutana kanzu. Akamwita Ramji, fundi Mhindi aliyekuwa akitengeneza malori karibu na soko, akamwambia, "Nitengenezee kitu kinachokata chenyewe." Ramji akamtengenezea.

Acha niwaeleze kitu chenyewe, kwa sababu vitukuu vyake bado vinazunguka mkoa huu. Injini ilitolewa kwenye lori la jeshi lililoachwa mchangani. Mkanda ulitoka kwenye kinu cha mahindi kilichokufa. Sahani ya msumeno, pana kama sinia ya pilau ya harusi, ilinunuliwa kuukuu kutoka kiwanda cha mbao huko bara, na ilikuja na ufa. Ramji alitoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, na hiyo ni kazi halali ya fundi. Lakini tundu la katikati la sahani lilikuwa kubwa kuliko shafti, akalijaza kwa bati la debe. Sahani ikizunguka ilikuwa inayumba kidogo, unaiona kwa pembe ya jicho. Kinga juu ya meno haikuwepo. Breki haikuwepo. Kuisimamisha ilibidi mtu asukume mkanda utoke kwenye puli kwa mti mrefu, halafu asubiri sahani ichoke yenyewe.

Siku ya kuwashwa, watu wote walikimbia, na mimi nikakabidhiwa mashine kwa sababu ya kuwa mzito wa miguu.

Sikuipenda. Nasema wazi ili mtu asije akanisingizia mapenzi na chuma kile. Kila asubuhi kabla ya kuwasha nilikuwa naigonga sahani kwa mpini wa tupa nikisikiliza. Sahani nzima huimba na yenye ugonjwa hukohoa. Niliwakataza watu kuvaa shuka zinazoning'inia, kila mmoja aikaze shuka yake mapajani. Nilikataza kusimama mbele ya meno, nikakataza kupitisha mkono juu ya sahani kuokota kipande. Na nilirudisha desturi ya Mzee Buya ya kunyosha mikono, asubuhi na jioni. Wengi wa vibarua walikuwa Wasomali waliopoteza mifugo kwa ukame, watu wenye kiburi chao, na mwanzoni waliniona nina wazimu. "Komora anahesabu fidole kama mbuzi," wakasema, wakanyosha.

Hatari kubwa ilikuwa kuviringika kwa magogo. Kuni si mbao. Gogo la mgunga limepinda, lina fundo, na likiguswa na meno hutaka kujiviringisha. Likijiviringisha linavutwa ndani, na mkono ulioshika unakwenda nalo kabla mwenyewe hajajua. Kwa hiyo mimi na Ramji tulitengeneza kitanda, yaani fremu ya mbao yenye mapembe ya kulikamata gogo, inayosukumwa mbele kwa mpini mrefu. Mikono ilikaa mbali. Kazi ilipungua kasi, lakini kwa muda wote kitanda kilipokuwapo, jioni tulirudi na vidole tulivyokuja navyo.

Abdi alikuja wakati wa kitanda. Alikuwa mtu wa Hadado, upande wa Wajir, mrefu mwembamba, mchunga ngamia tangu alipojua kutembea. Ukame ulikuwa umemaliza kundi lao akabaki na mke, Dahabo, na kaka mdogo aliyekuwa bado kule akichunga mbuzi wachache. Hakuficha alichokitaka. "Mimi sikukuja kukaa hapa," aliniambia siku ya kwanza. "Nabata ngamia jike wawili, narudi Hadado. Hii ya kukata miti ni kazi ya mtu hana ngamia." Nilimwambia asante kwa heshima hiyo. Akacheka, na tukawa marafiki kuanzia hapo.

Alikuwa na kovu refu kutoka bega hadi kiuno. Ujanani ngamia dume lilikuwa limeshtuka na kumburuta vichakani, kwenye miiba, na yeye hakuachia kamba. Alikisimulia kisa hicho mara nyingi, na kila mara kwa furaha. "Kamba haiachiwi, walaal, ndugu yangu. Ukiachia kamba, ngamia nabotea, na ngamia si yako, ni ya babako na ya watoto wako. Hata ukikufa, unakufa umeshika." Wenzake waliitikia kwa vichwa. Ndivyo walivyolelewa wote, tangu wakiwa wadogo wa kushika ndama. Mtu anayeachia ni mtu asiyepewa mke.

Nilimtazama mkono wake wa kulia akisimulia, ulivyojifunga ngumi wenyewe, nikaogopa. Kwa maana kwenye msumeno ule sheria ilikuwa moja tu: chuma kikivuta, wewe achia. Nilikuwa nimepewa watu ambao sifa yao kubwa ndiyo ingewakata.

Basi nikaanza kuwafundisha kuachia. Mkisikia mtu anasema kuachia hakufundishwi, mwambieni ajaribu kumfundisha mchunga ngamia. Nilifunga kamba kwenye punda wa maji, nikampa Abdi ashike, nikampiga punda kiboko huku nikipiga kelele kwa Kisomali, "Sii daa!" yaani achia. Uwanja mzima ulikufa kwa kicheko. Punda alimburuta Abdi hadi kwenye rundo la kuni, naye ameshika. Siku ya pili ikawa vilevile. Baada ya muda mkono wake wa kushoto ulielewa. Nikipiga kelele unafunguka. Wa kulia ulibaki na kamba. "Huu ni mzee," aliniambia akiutazama, "hasikii maneno ya watu."

Kisha askari wengi wakaletwa Garissa kwa sababu zao za kiaskari, na tanuri likawa linaomba kuni kama mgonjwa anavyoomba maji. Haji Mursal akaja uwanjani, akatazama kitanda kikienda mbele na kurudi, mbele na kurudi.

"Komora, hii kitu inakula saa yangu."

"Inaacha mikono ya watu wako, Haji."

"Mikono iko, wallahi, naiona. Kila mtu mikono mbili. Unaogoba nini? Mti ni mti. Ondoa kwa wiki hii tu, inshallah, halafu rudisha."

Nilikataa. Akawaambia vibarua, nao wakakiondoa, maana yeye ndiye aliyewalisha. Walikiegemeza nyuma ya ghala. Nilichoweza ni kujiweka mwenyewe kwenye mti wa mkanda, kwa kuwa sikumwamini mtu mwingine kuusukuma kwa wakati, na kumweka Abdi kushika magogo, kwa kuwa ndiye aliyefunzwa zaidi.

Wiki haikwisha. Ilikuwa baada ya chai ya asubuhi, jua limeshakuwa kali. Abdi alisukuma gogo la mgunga lenye fundo ubavuni, kwa mikono miwili, ameegemea kidogo. Meno yalipofika kwenye fundo sauti ikabadilika, gogo likageuka. Nikapiga kelele, "Abdi, sii daa!" na papo hapo nikausukuma mkanda. Niliuona mkono wa kushoto ukifunguka na kuruka nyuma, safi kabisa, kama tulivyojifunza kwa punda. Wa kulia ukafunga ngumi. Mkanda ulikuwa umetoka, lakini sahani haikuwa imechoka.

Sitaandika zaidi kuhusu hapo. Tulimfunga mkono kwa kilemba, juu ya kiwiko, tukakaza kwa kijiti, kama nilivyowafundisha kila mwaka na mlivyopiga miayo kila mwaka. Tulimbeba juu ya mlango wa ghala hadi hospitalini. Njiani alikuwa macho. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Komora, nimeachia?"

"Umeachia, ndugu yangu."

"Haye," akasema, akafumba macho.

Haji Mursal alikuja hospitalini mbio, uso umemshuka, na kwa kweli alikuwa na huzuni. Sitamzulia moyo wa jiwe. Alishika ndevu akasema, "Qadar ya Mungu. Ajali haina kinga."

Nilimjibu mbele ya watu, "Ilikuwa nayo, Haji. Uliiegemeza nyuma ya ghala." Jioni ile kitanda kilirudishwa mahali pake, na hakikuondolewa tena maisha yake yote. Hasira ya neno lile la Haji bado ninayo, na sitaki inipungue.

Mkono ulibaki kwetu. Kwa sisi Waislamu kiungo cha mtu hakitupwi, huzikwa kwa heshima, ingawa hakisaliwi. Niliufunga kwa kitambaa cheupe kabisa, na Ramji akaja nami makaburini, yeye ambaye si wa dini yetu, akachimba huku machozi yakimdondoka kwenye koleo. Niliweka ubao uwe alama. Baada ya siku chache ubao haukuwepo. Mtu alikuwa ameupeleka jikoni. Garissa mti ni kuni, hata wa kaburi, na mimi ndiye ninayejua hilo kuliko wote.

Abdi alipopata nafuu, wazee wa Kisomali walikaa kuamua. Kwa desturi yao mkono una malipo, na hulipwa kwa ngamia. Ugumu ulikuwa kumpata mkosaji. Injini ilikuwa ya jeshi, sahani ya bara, mkanda wa kinu, na bati la debe la sokoni. Mzee mmoja aliuliza kama msumeno una ukoo. Walizungumza mchana kutwa, na mwishowe wakasema kitu kisicho na ukoo ni cha anayekula faida yake. Ukoo wa Haji Mursal ukatoa ngamia majike, wengi kuliko wale wawili aliowataka Abdi.

Nilikwenda kumpa hongera, mpumbavu mimi. Alikuwa ameketi mlangoni kwa Dahabo, mkono mfupi umefunikwa kwa shuka.

"Sasa utarudi Hadado," nikamwambia.

Akanitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtu wa mto asiyejua kitu. "Umewahi kuona ngamia anakamuliwa? Unasimama mguu mmoja. Ule mwingine unakunja, unaweka juu ya goti. Bakuli inakaa juu ya baja. Mikono mbili inakamua, hii na hii." Akainua ule mmoja aliokuwa nao. "Ngamia anataka mikono mbili, walaal."

Dahabo alikuwa ndani akichochea moto. Akasema bila kutoka nje, "Alitaka ngamia, amebata. Mungu ni mkarimu." Sijawahi kusikia shukrani chungu kama ile.

Ngamia walipelekwa Hadado kwa kaka yake, na kwa mwaka ule mvua ikanyesha, wakazaa. Abdi alibaki Garissa. Haji alimfanya mlinzi wa uwanja wa kuni, na kwa miaka alikaa kwenye gogo karibu na lango, akitazama mashine iliyomla. Akija mchunga mpya aliyepoteza mifugo, hakuniachia mimi nimfundishe. Alikuwa anamshika kiganja kwa mkono wake wa kushoto, anakivuta kwa nguvu, na kumwambia "Sii daa!" Mtu akikawia kuachia, Abdi alifunua shuka. Hakuhitaji punda. Tangu siku zile, uwanja wetu ulipoteza ncha za vidole viwili vitatu tu, na sijui uwanja mwingine unaoweza kusema hivyo. Huko kwingine waliiga msumeno wa Ramji bila kitanda chake, na hospitali inawajua kwa majina.

Sahani yenyewe niliisikia ikikohoa asubuhi moja. Ufa ulikuwa umelipita tundu la Ramji. Haji alisema tuitumie mpaka mwisho wa mwezi. Safari hii hakuna kibarua aliyenyosha mkono kuigusa. Tuliikata vipande kwa patasi. Kimoja, chenye meno, nilikwenda nacho makaburini nikakipigilia kwenye ardhi, pale ubao ulipokuwa. Chuma hakipikiwi chai.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Abdi alishikwa na kifua. Alikohoa mvua nzima na kiangazi kizima, akakonda mpaka kovu lake la ngamia likawa pana kuliko mgongo. Siku ile Dahabo aliponiita, nilimkuta amelala mkekani, pumzi fupi fupi. Aliponiona akanipa mkono wa kushoto, nikaushika. Aliniomba kitu kimoja, kwamba azikwe pale ulipo mkono wake, kwa maana ndiyo sehemu yake iliyotangulia. Nikamwahidi.

Halafu hakuniachia. Hakuwa na nguvu ya kuinua kikombe, lakini vidole vile vilikuwa vimenikaza hadi mifupa ikaniuma. Macho yalikuwa wazi, yanatazama darini, na kifua kinapanda na kushuka kwa tabu, kama mtu anayeburutwa. Saa ya alasiri ikapita. Shahada alikuwa ameshaitamka. Dahabo akapiga magoti kando yangu na kusema polepole, "Anashika. Hajui kuacha huyu. Mwambie wewe."

Nilikuwa nimelipiga kelele neno lile nusu ya maisha yangu, kwenye moshi na mngurumo, na sikuwahi kulisema kwa sauti ndogo. Niliinama sikioni kwake. "Abdi," nikasema, "sii daa, walaal. Sii daa."

Vidole vikafunguka, kimoja kimoja.

Kaburi nililichimba mwenyewe, na vijana wawili wa ukoo wake wakinisaidia. Kipande cha sahani kilikuwa bado kimesimama, meno yamelika kwa kutu, na bila hicho hakuna mtu angepajua mahali. Vijana walitaka kuchimba upande wa kaskazini, ulio na udongo laini. Niliwakatalia. Tulichimba upande wa kusini, kwenye mawe, ili akilazwa ubavu wa kulia kuelekea kibla, ambacho kwetu kiko kaskazini, mkono wake uliotangulia uwe mbele ya uso wake.